WALIOBEBA VITA MABEGANI

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kipatimu



Kwanza kabisa natoa shukrani kwa Kamati kunipa nafasi hii. Barua ya Kamati ilinitaka niseme juu ya "Utumishi wa Umma na Maendeleo." Nilianza kuandika hotuba hiyo, na kurasa mbili za kwanza zilinipatia usingizi mimi mwenyewe. Nikaona kwamba nikiwasomea mchana huu, baada ya pilau mliyokula, Kamati italaumiwa bure. Kwa hiyo naomba radhi, Ndugu Mwenyekiti. Nitasema juu ya utumishi, lakini nitapitia njia nyingine, njia inayoanzia hapa hapa milimani kwetu.

Nataka kusema juu ya raia wanaofanya kazi ya jeshi wakati wa vita. Sisemi juu ya askari. Askari ana bunduki, ana cheo, ana bendera, na akifa hupigiwa mizinga. Ninasema juu ya yule anayembebea askari unga, risasi na maji, anayempikia, anayemchimbia barabara, anayemwendeshea gari. Siku hizi mtu wa namna hiyo huandikiwa mkataba na kampuni. Zamani aliitwa mpagazi.

Wanafunzi mnajua kutokana na masomo yenu kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914 huko Ulaya. Pengine hamkuambiwa kwa mkazo wa kutosha kwamba vita hiyo ilifika mlangoni petu. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliishika Kilwa Kivinje, wakaanza kupanda huku milimani. Desemba mwaka huo huo Wajerumani, wakiongozwa na Lettow-Vorbeck mwenyewe, waliwashambulia Waingereza pale Kibata. Kibata hii hii, ambayo baadhi yenu mmetoka asubuhi ya leo. Upande wa Waingereza walikuwako askari wa Keya, Wabaluchi kutoka Bara Hindi, na askari wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Upande wa Wajerumani walileta mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa na kukokotwa nchi kavu.

Hebu jiulizeni, mzinga wa manowari ulipandaje Matumbi? Ng'ombe na farasi hawakudumu, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza. Magari yalikuwa machache, na masika yalipofika yalizama kwenye matope. Ulipanda kwa mikono na mabega ya watu. Mwaka 1916 ulikuwa miaka tisa tu tangu kumalizika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwezi Julai 1905 pale Nandete, na njaa iliyovifuata. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa Maji Maji alikuwa na miaka thelathini na kitu Wajerumani na Waingereza walipokuja kupigana shambani kwake. Alikuwa na nguvu bado. Basi alifaa kubeba.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa tuko shuleni, naomba tufanye hesabu ndogo. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wataiweza.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha ratli 60. Tuseme posho yake ni ratli 2 za unga kwa siku. Mpagazi akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, atakula ratli 40. Katika ratli 60 alizobeba, zitakazomfikia askari ni 20 tu. Akienda mwendo wa siku kumi na tano, atakula 30 kwenda na 30 kurudi, na askari hapati kitu. Mtu amebeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi.

Sasa chukueni kombania moja ya askari mia moja walio mbali mwendo wa siku kumi. Wanakula ratli 200 kwa siku. Kila siku inayopambazuka lazima wafike wapagazi kumi. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku ishirini, lazima wawepo wapagazi mia mbili njiani wakati wote, kwa ajili ya unga peke yake. Bado hatujabeba risasi, dawa, mahema wala mvinyo wa maofisa.

Lakini angalieni jambo moja. Tukipunguza posho ya mpagazi ikawa ratli 1, atakula 20 njiani na kufikisha 40. Shehena imeongezeka mara mbili bila kuajiri mtu hata mmoja! Ofisa aliyekaa Kilwa na kalamu yake aliweza kuliona jambo hilo kwa urahisi. Alichokuwa akipunguza kwenye karatasi kilikuwa nyama ya mwili wa mtu. Mwaka 1917 posho zilipunguzwa. Tena unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi, wakapewa watu waliozoea wali au ndizi, bila muda wa kuupika ukaiva, wala kuni kavu. Wakaharisha damu. Kuhara damu, malaria na kichomi viliua wengi kuliko risasi.

Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yao waliandikisha kiasi cha watu milioni moja kubeba mizigo katika vita ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, Msumbiji na hapa kwetu. Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari. Baadaye ilikuwa amri. Nchini Kenya, katika mwaka 1917, walikusanywa zaidi ya laki moja kwa miezi michache. Waliokufa hawapungui 95,000. Askari waliokufa upande huo huo walizidi 10,000 kidogo. Kwa kila askari mmoja aliyekufa, walikufa wapagazi wanane au tisa. Na hao ni wa upande mmoja. Wa upande wa Wajerumani wengi walichukuliwa mashambani kwa nguvu, na hesabu yao haikuwekwa ipasavyo. Huko Ugogo askari wa pande zote mbili walikomba nafaka na ng'ombe, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Baada ya Kibata, vita ilishuka kusini. Mwezi Julai 1917 walipigana Narungombe. Mwezi Oktoba walipigana Mahiwa, bara ya Lindi, siku nne mfululizo, na Waingereza wakapoteza zaidi ya nusu ya jeshi lao lililokuwa uwanjani. Mwezi Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Na kila walipokwenda askari, nyuma yao ilikwenda mistari ya watu wenye mizigo kichwani.

Katika mistari hiyo alikuwamo baba wa babu yangu.

Nilizaliwa na kukulia hapa, na wengi wenu mnaijua nyumba yetu. Babu mzaa baba alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi baba yake alipochukuliwa mwaka 1917, baada ya mavuno. Alituambia alilolikumbuka: baba yake alifunga nguo moja, akamwachia mkewe jembe, akasema atarudi kabla ya mvua. Basi. Mwaka uliofuata jirani mmoja, waliyechukuliwa pamoja naye, alirudi akiwa amekonda hata mkewe hakumtambua. Akasema walikuwa pamoja mpaka ng'ambo ya Mahiwa, kisha mwenzake akashikwa na tumbo, akaketi kando ya njia, na mnyapara akaamuru mzigo wake ugawanywe kwa wengine. Msafara ukaendelea. Hakumwona akifa.

Angalieni shida iliyotokana na maneno hayo mawili: hakumwona akifa. Mama wa babu akawa si mke wala si mjane. Hakukaa eda kwa sababu hapakuwa na siku ya kuanzia. Waliotaka kumwoa waliogopa kwamba mwenyewe atatokea. Hitima haikusomwa. Alikaa hivyo miaka minne, mpaka wazee walipokaa wakaamua kwamba yatosha, wakachagua siku, wakamsomea. Siku hiyo ilichaguliwa tu. Babu alikuwa akisema, "Baba yangu alikufa siku waliyoafikiana wazee."

Na mshahara? Mpagazi aliahidiwa rupia chache kwa mwezi. Baada ya vita, ilitangazwa kwamba wenye madai waende bomani. Bibi huyo alikwenda. Aliulizwa namba. Kila mpagazi wa Waingereza alipewa namba iliyoandikwa kwenye kibati cha kuvaa, na vitabu viliandikwa kwa namba. Yeye alilijua jina la mumewe, jina la baba wa mumewe, ukoo wake, na mlima waliozaliwa. Namba hakuijua. Akarudi nyumbani. Hakuwa peke yake. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikulipwa kwa jamaa zao, wala hapa wala Kenya. Serikali ya Uingereza na tawala za makoloni ziliandikiana barua miaka mingi juu ya fedha hizo, na mwisho wake wenyewe hawakuzipata.

Mkienda Dar es Salaam mtaona walichoacha. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hayumo. Nairobi walimweka mmoja pamoja na askari wawili. Lakini mpagazi ana ukumbusho mwingine ambao hakuna aliyeukusudia. Waingereza walipoishika Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, baadaye waliweka kambi ya wapagazi mahali fulani mjini. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wakatamka kwa ulimi wao: Kariakoo. Kwa hiyo kila kondakta anayeita "Kariakoo! Kariakoo!" anawaita wale watu, ingawa hajui. Mimi nilinunua viatu vyangu vya kwanza vya kazi pale, nikavibana bei kwa saa nzima, na sikujua kwamba nimesimama mahali alipolala, pengine, ndugu yetu mwenye mzigo.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba Waafrika na Waasia waliofia vita ile hawakukumbukwa kwa usawa. Watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni kwao. Niliposikia habari hiyo redioni nilimkumbuka bibi yule na namba yake. Kuombwa radhi ni jambo jema. Lakini babu alikuwa amekwisha kufa, na mama yake zamani zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, msije mkadhani nasema haya ili tuwalaumu wageni tukajiona wema. Hadithi haikuishia kwa wageni.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mwalimu Nyerere akatangaza mapema Novemba kwamba tutampiga. Wazee mnayakumbuka. Jeshi letu halikuwa na magari ya kutosha, hivyo malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi hiyo, na madereva wake wengi wakaenda nayo. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja. Alikwenda. Alipitia Dodoma, Singida, Shinyanga, Biharamulo, akiwa amepakia unga na viatu vya jeshi, kisha vitu vingine ambavyo hakuambiwa ni nini, naye hakuuliza. Alivuka mto Kagera pale Kyaka juu ya daraja la muda, kwa sababu lile la kudumu lilikuwa limevunjwa na majeshi ya Amin. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa Masaka akifunga springi kwa kamba ya katani. Mimi nilizaliwa akiwa huko.

Alirudi salama, tunamshukuru Mungu. Hakuwa mtu wa manung'uniko. Alijivunia safari ile, nami najivunia, maana vita ile ilikuwa ya haki. Lakini kila mwaka siku ya Mashujaa alikaa redioni kimya. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakwenda kuwaona wenzake waliorudi. Akanijibu, "Mwanangu, wale ni askari. Mimi nilikuwa turnboi wa vita." Kisha akacheka, akaenda kumwagilia mchicha. Askari wetu waliokufa Kagera wana makaburi yao ya heshima Kaboya, wilayani Muleba, na wanastahili. Madereva waliopinduka na malori yao usiku bila taa, sijui mahali palipoandikwa majina yao.

Na hata katika miaka yetu hii, maelfu ya vijana wa Uganda, na wengine wa Kenya, walikwenda Iraki tangu mwaka 2005 kulinda kambi za Wamarekani kwa mkataba wa makampuni. Raia wa mkataba akifa, hesabu yake haiingii katika hesabu ya wanajeshi inayosomwa redioni. Wanafunzi, wengine kati yenu wataletewa karatasi za namna hiyo, zenye mshahara mnono. Sisemi msiende. Nasema someni karatasi mpaka mwisho, mjue mkifa ni nani atakayeambiwa, ni nani atakayelipwa, na kwa jina gani. Acheni nakala kwa mama zenu.

Sasa nifike kwenye utumishi wa umma, ili Kamati isiseme nimewadanganya.

Nilipotoka Chuo Kikuu nilipangiwa ofisi moja, mkoa mwingine, ambayo sitaitaja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nina tai mbili. Mafuriko yalikata barabara, wakaajiriwa vibarua arobaini na watatu kuitengeneza kwa majembe na karai. Kazi ilipokwisha, daftari la mahudhurio likaja mezani kwangu. Lilikuwa na kasoro. Majina mengine yalikuwa nusu, mengine yameandikwa namna mbili, na dole gumba hazikuwa zote. Nililiweka kando ili nilirudishe kwa maelezo. Nikasahau. Mwezi Juni ukaisha, mwaka wa fedha ukafungwa, fedha zikarudi Hazina.

Kati ya vibarua hao alikuwako mzee mmoja. Alikuja ofisini mara nyingi, kila mara kwa miguu, kila mara akivua kofia mlangoni. Kila mara nilimwambia faili linashughulikiwa. Mara ya mwisho aliniambia kwa upole, "Bwana mkubwa, kama ni jina, mimi ninalo. Niulize nikuambie." Nikamwambia utaratibu hauko hivyo.

Usiku ule sikulala. Niliisikia sauti ya karani wa bomani akimwuliza bibi yetu namba, na sauti ile ilikuwa yangu. Kesho yake nilichukua daftari, nikaenda kijijini, nikaketi chini ya mwembe siku mbili nikaandika majina yote upya, mtu mmoja mmoja. Ilichukua miezi kumi na minne tangu kazi kwisha mpaka walipolipwa. Walilipwa arobaini na mmoja kwa mikono yao. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wake zao ndio waliotia dole gumba. Hakuna aliyeniadhibu. Hakuna hata aliyejua kwamba kosa ni langu, mpaka leo ninapowaambieni ninyi.

Ndugu zangu, hotuba nyingi huisha kwa nasaha. Mimi nina ombi moja tu, na nimelileta mkononi. Hili ni daftari la kurasa mia mbili, nimelinunua Nangurukuru. Naomba likabidhiwe kwa Mwalimu wa Historia. Kila mwanafunzi anayetoka Kipatimu, Kibata, Chumo na Kandawale, akienda likizo, akae na mzee mmoja wa kwao, amwulize: nani katika ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, au alikwenda Kagera na lori, na hakurudi, au alirudi bila kuandikwa? Aandike jina, jina la baba, kijiji, na lolote linalokumbukwa. Asipopata mwaka, aache wazi. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika kwa jina la baba wa babu yangu. Mahali pa namba nimeweka mstari.

Wazee wanaokumbuka walichosimuliwa na baba zao wamebaki wachache, na mvua hii mnayoiona ikipita watapungua tena. Najua tuna mchango wa paa la bweni na matundu ya vyoo, nami ahadi yangu kwa hayo nitaitimiza kabla sijaondoka, Mweka Hazina ananitazama. Lakini daftari hili halihitaji mchango. Linahitaji kalamu na subira ya kukaa na mzee mpaka amalize kukohoa.